Konokono wa Maji, Mwasho wa Ngozi na Kichocho: Mambo ya Kujua Kabla ya Kuingia Majini

Kila shule zinapofungwa, watoto wengi wa Kaunti ya Kericho hutafuta mahali pa kuogelea. Wengine hushuka mtoni, wengine huenda kwenye mabwawa ya kunyweshea mifugo, na wengine hutembelea jamaa Nyakach, Ahero, Kisumu au Homa Bay na kuingia ziwani. Baadhi yao hurudi nyumbani wakijikuna, ngozi ikiwa na vipele vidogo vyekundu. Mzazi hulaumu sabuni, upupu au dawa iliyonyunyiziwa shambani.

Wakati mwingine lawama hizo ni za haki. Lakini kuna chanzo kingine ambacho wakazi wengi hawakifikirii, nacho ni konokono mdogo wa majini, ambaye mara nyingi hazidi ukubwa wa ukucha. Konokono huyu hamuumi mtu wala hana sumu. Shida ni vimelea wanaokulia ndani ya mwili wake kisha kutoka majini kumtafuta ndege, ng'ombe au binadamu.

Makala haya yanaeleza jinsi vimelea hao wanavyoenea, jinsi ya kutofautisha mwasho wa kawaida wa waogeleaji na ugonjwa wa kichocho, na hatua ambazo kila familia inaweza kuchukua.

Mwasho wa waogeleaji ni nini?

Ndege wa majini kama bata na korongo wanaweza kuwa na minyoo wadogo katika damu yao. Mayai ya minyoo hao hutoka na kinyesi cha ndege na kuanguka majini, ambako huanguliwa na kuingia ndani ya konokono. Baada ya wiki kadhaa, konokono huyo hutoa majini vimelea wachanga wenye mkia, ambao wataalamu huwaita serkaria. Ni wadogo mno, na kwa macho ya kawaida ni vigumu kuwaona.

Serkaria wa aina hii humtafuta ndege. Wakikutana na mguu wa mtoto anayeogelea, hukosea njia na kuchimba ngozi yake. Kwa kuwa mwili wa binadamu si makao yao, hufia hapo hapo kwenye ngozi. Mwasho na vipele tunavyoviona ni kinga ya mwili ikipambana nao.

Mtu wa kwanza kuthibitisha uhusiano huu alikuwa mtafiti Mmarekani William Walter Cort. Mwaka 1928, akifanya kazi katika Ziwa Douglas, jimbo la Michigan, alionyesha kwamba mwasho uliowasumbua waogeleaji ulitokana na vimelea waliotoka kwa konokono. Tangu wakati huo tatizo hilo limeripotiwa katika mabara mengi.

Mwasho huu hauambukizwi kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine. Huanza dakika chache hadi siku moja au mbili baada ya kuogelea, na kwa kawaida huisha wenyewe katika muda wa wiki moja hivi. Anayerudi kwenye maji yale yale mara kwa mara huwashwa zaidi, kwa sababu mwili wake umeshawatambua vimelea hao.

Tatizo kubwa zaidi: kichocho

Kama hadithi ingeishia kwa minyoo ya ndege, kusingekuwa na sababu kubwa ya kuwa na wasiwasi. Lakini katika eneo la Ziwa Victoria, maji yanayoweza kumpa mtoto mwasho wa kupita yanaweza pia kumpa kichocho, ugonjwa unaoletwa na minyoo wa ukoo huo huo. Tofauti ni kwamba minyoo wa kichocho hawafii kwenye ngozi, maana binadamu ndiye makao wanayoyatafuta.

Ugonjwa huu huitwa pia bilharzia, kutokana na jina la daktari Mjerumani Theodor Bilharz, aliyegundua minyoo wake mjini Cairo mwaka 1851. Njia ya maambukizi ilichukua zaidi ya miaka 60 kufahamika. Mwaka 1913 watafiti wa Japani walionyesha kwamba kimelea hukulia ndani ya konokono, na mwaka 1915 Mwingereza Robert Leiper akathibitisha jambo hilo nchini Misri.

Mzunguko wenyewe ni huu:

1. Mtu mwenye kichocho anajisaidia haja kubwa au ndogo majini au karibu na maji. Mayai ya minyoo hutoka pamoja na choo au mkojo.

2. Mayai yakifika kwenye maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, huanguliwa. Kimelea anayetoka ana saa chache tu za kumpata konokono wa aina inayomfaa. Asipompata, hufa.

3. Akimpata, huingia mwilini mwake na kuzaana kwa wiki kadhaa. Kimelea mmoja aliyeingia anaweza kuzalisha maelfu.

4. Serkaria hutoka kwa konokono, hasa jua linapokuwa kali, kuanzia asubuhi ya saa nne hivi hadi alasiri. Huo ndio muda ambao watoto hupenda kuogelea.

5. Serkaria huipenya ngozi ya mtu aliye majini kwa dakika chache tu. Si lazima awe na kidonda, wala si lazima anywe maji hayo.

6. Ndani ya mwili, minyoo husafiri katika damu, hukomaa kwa wiki kadhaa, kisha dume na jike huishi pamoja na kutaga mayai kila siku.

Minyoo hao kwa kawaida huishi kati ya miaka 3 na 10, na wengine hukaa zaidi. Madhara makubwa huletwa na mayai yanayonasa kwenye ini, utumbo au kibofu na kusababisha makovu. Mtoto mwenye kichocho cha muda mrefu huweza kupungukiwa damu, kudumaa na kushindwa kufuatilia masomo. Mtu mzima asiyetibiwa kwa miaka mingi huweza kuvimba ini na wengu, na hata kutapika damu.

Aina mbili za kichocho nchini

Kandokando ya Ziwa Victoria aina iliyoenea ni kichocho cha tumbo. Dalili zake ni maumivu ya tumbo, kuhara na wakati mwingine damu kwenye choo. Konokono wake ana gamba bapa lililojikunja kama kamba iliyozungushwa juu ya meza.

Aina ya pili ni kichocho cha mkojo, ambacho kinajulikana zaidi Pwani ingawa kimewahi kupatikana pia katika uwanda wa Kano. Dalili yake kuu ni damu kwenye mkojo. Kwa wanawake na wasichana, mayai yake huweza kuleta vidonda katika sehemu za uzazi, kutokwa damu na hata ugumba. Dalili hizi mara nyingi hudhaniwa kuwa za magonjwa ya zinaa, na mgonjwa huona aibu kutafuta matibabu. Konokono wa aina hii ana gamba lenye ncha. Ukilishika ncha ikiwa juu na mdomo wa gamba ukikutazama, mdomo huo uko upande wa kushoto.

Konokono wa shambani na koa wanaokula mboga zako hawaenezi kichocho. Tunazungumzia konokono wanaoishi ndani ya maji au kwenye majani ya kandokando ya maji.

Je, Kericho iko hatarini?

Jibu linategemea unaishi wapi na unatembelea wapi.

Sehemu kubwa ya nchi ya chai iko juu sana. Mji wa Kericho uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Londiani iko juu zaidi. Maji ya mito katika maeneo hayo ni baridi, na baridi huchelewesha au kuzuia kabisa ukuaji wa kimelea ndani ya konokono. Kwa hiyo mtoto anayeogelea kwenye kijito kinachopita katikati ya mashamba ya chai ana uwezekano mdogo wa kupata kichocho.

Lakini kaunti yetu haiishii kwenye chai. Sehemu za chini za Soin/Sigowet zinateremka kuelekea Nyakach, Muhoroni na uwanda wa Kano. Huko kuna joto, mito imepunguza mwendo, na majirani wetu wanalima mpunga na miwa. Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Tofauti ya karibu mita 900 kati ya mji wa Kericho na ziwa ndiyo inayotenganisha maji yasiyomfaa kimelea na maji anayostawi ndani yake.

Mpaka huo pia si ukuta. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba magharibi mwa Uganda kichocho hakiambukizwi zaidi ya mita 1,400. Mwaka 2008 watafiti waliripoti maambukizi katika maziwa ya volkeno yaliyo juu ya kimo hicho. Kadiri hali ya joto inavyoongezeka na mabwawa mapya yanavyochimbwa, ni busara kutobweteka.

Jambo la tatu ni kwamba watu husafiri. Kwa kuwa minyoo huishi mwilini kwa miaka, mtu anayeishi Kericho mjini leo anaweza kuwa na kichocho alichopata ziwani miaka mitano iliyopita, bila yeye mwenyewe kujua. Mwanafunzi aliyesoma shule ya bweni karibu na ziwa, dereva, mvuvi wa msimu, mfanyabiashara wa samaki na familia iliyokwenda matembezi, wote wanahusika. Hili si jambo la kumnyoshea mtu kidole. Ni sababu ya kupimwa na kutibiwa, ugonjwa uishie hapo.

Mwasho pekee haukupi jibu

Wazazi wengi huuliza: nitajuaje kama ni mwasho wa kupita au ni kichocho? Kwa kutazama ngozi peke yake, huwezi kuwa na uhakika.

Mwasho unaotokana na minyoo ya ndege mara nyingi huwa mkali na wa haraka. Serkaria wa kichocho nao wanaweza kuleta mwasho mdogo siku ya kwanza, lakini watu wengi hawahisi chochote. Mtoto aliyejikuna sana anaweza kuwa salama, na mwenzake ambaye hakujikuna hata kidogo akawa ameambukizwa. Kigezo cha kutumia ni maji aliyoingia. Kama aliingia Ziwa Victoria, mfereji wa mpunga au mto na bwawa la sehemu za chini zenye joto, apimwe, awe alijikuna au la.

Homa inayodhaniwa kuwa malaria

Wiki mbili hadi nane baada ya maambukizi ya kwanza, baadhi ya watu hupata homa, kikohozi, maumivu ya mwili, vipele na kuhara. Hali hii huwapata zaidi watu ambao hawajazoea maji ya ziwa, yaani wageni kutoka nyanda za juu kama sisi. Mgonjwa hupimwa malaria, haonekani nayo. Hupewa dawa ya homa ya matumbo, haimsaidii.

Ukiwa na homa isiyoeleweka, mwambie mhudumu wa afya waziwazi: "Niliogelea ziwani wiki kadhaa zilizopita." Sentensi hiyo inaweza kukuokolea wiki za kuhangaika na gharama za dawa zisizohitajika.

Vipimo na matibabu

Kichocho cha tumbo hupimwa kwa choo, na cha mkojo hupimwa kwa mkojo. Mayai hayaonekani mara moja, kwa hiyo kipimo kilichofanywa siku chache baada ya kuogelea huweza kusema huna ugonjwa ilhali unao. Subiri wiki sita hadi nane tangu ulipoingia majini mara ya mwisho, isipokuwa kama una homa au damu kwenye choo au mkojo. Ukiona dalili hizo, nenda kituo cha afya mara moja.

Dawa ni prazikwanteli. Kipimo chake hutegemea uzito wa mgonjwa, kwa hiyo usinunue na kumeza kwa kukisia. Dawa huua minyoo waliokomaa lakini haiwamalizi wachanga, na ndiyo maana mhudumu anaweza kukuambia urudi. Dawa hiyo pia haikukingi. Ukirudi kwenye maji yale yale, utaambukizwa tena.

Katika maeneo yenye kichocho, wanafunzi hupewa prazikwanteli kupitia mpango wa kitaifa wa kutoa dawa za minyoo shuleni, bila malipo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaopendekeza dawa kwa kila mtu kuanzia umri wa miaka miwili katika maeneo yenye maambukizi mengi, badala ya wanafunzi peke yao. Kwa watoto wa chini ya miaka sita, dawa maalumu inayoyeyuka kwenye maji imetengenezwa, na Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi ambako ilijaribiwa.

Kwa mwasho wa waogeleaji, hakuna dawa ya kuua kimelea inayohitajika. Weka kitambaa chenye maji baridi kwenye vipele, paka kalamaini, na ukate kucha za mtoto ili asijichune. Ngozi ikianza kutoa usaha, au uso ukivimba, mpeleke kituo cha afya.

Mfugaji, konokono anakuhusu pia

Hata ukiishi juu kabisa kwenye baridi, konokono wa maji bado ana hasara kwako kama unafuga. Minyoo bapa wa ini wa ng'ombe, kondoo na mbuzi pia hukulia ndani ya konokono. Aina moja ya minyoo hao huvumilia baridi ya nyanda za juu, na konokono wake huishi kwenye matope na malisho ya majimaji. Gamba la konokono huyo lina ncha, na mdomo wake uko upande wa kulia.

Hapa kimelea hapiti kwenye ngozi. Hujishikiza kwenye nyasi, na mnyama humla anapolisha. Dalili ni kukonda, maziwa kupungua, fizi kuwa nyeupe na uvimbe laini chini ya taya. Hasara nyingine huonekana kichinjioni, mkaguzi wa nyama anapolitupa ini zima.

Zuia mifugo isilishe kwenye vinamasi, hasa baada ya mvua ndefu. Jenga kihori cha maji badala ya kuwanyweshea bwawani, na umwombe afisa wa mifugo akuelekeze kuhusu dawa. Si kila dawa ya minyoo huua minyoo wa ini. Baadhi ya dawa hizo hazifai kwa ng'ombe anayekamwa, au zinahitaji maziwa yamwagwe kwa siku kadhaa. Fuata maelekezo hayo kikamilifu.

Hatua za kuchukua nyumbani na kijijini

*Tumia choo.* Hii ndiyo hatua inayokata mzunguko. Konokono asiyefikiwa na mayai hana kimelea wa kichocho wa kutoa. Wachungaji, wachimba mchanga na wakulima wa kandokando ya mito wapewe mahali pa kujisaidia.

*Kaa nje ya maji yenye majani na konokono.* Serkaria huwa wengi kwenye maji ya kina kifupi, yaliyotulia na yenye majani mengi. Kujifuta kwa taulo baada ya kutoka majini si kinga ya kutegemewa.

*Hifadhi au chemsha maji ya kuoga.* Maji ya kisima au ya bomba lililotunzwa ni bora. Ukilazimika kutumia maji ya mto wa sehemu za chini, yachote bila kuingia majini na uyaweke kwenye chombo safi kilichofunikwa kwa siku mbili kabla ya kuogea. Serkaria hufa wasipompata wa kumwingia. Ya kunywa yachemshe daima.

*Vaa buti na glavu.* Anayefanya kazi kwenye mfereji, bwawa la samaki au shamba la mpunga ajikinge.

*Safisha kingo za maji.* Utafiti uliofanywa Senegal na kuchapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba kuondoa majani ya majini kwenye sehemu ambazo watu huteka maji kulipunguza maambukizi mapya kwa watoto. Majani yaliyoondolewa yaligeuzwa mboji na chakula cha mifugo. Vikundi vya vijana vinaweza kufanya kazi hiyo, mradi washiriki wavae buti ndefu na glavu.

*Panga kabla ya kuchimba bwawa.* Senegal hiyo hiyo ilijifunza kwa uchungu. Bwawa la Diama lilipokamilika mwaka 1986, maji ya chumvi yalizuiwa kupanda mtoni, konokono wakastawi, na katika miaka michache mji wa Richard Toll ulikumbwa na mlipuko mkubwa wa kichocho cha tumbo. Bwawa la kijiji ni dogo, lakini kanuni ni ile ile: kingo zenye mteremko mkali, majani yaondolewe, na mahali pa kuteka maji patengwe na pa mifugo.

*Usimwage sumu majini.* Kumwaga dawa ya shambani mtoni ili kuua konokono huua samaki na kuwadhuru wanaokunywa maji hayo huko chini. Konokono wachache wakibaki, hurudi haraka, kwa sababu hata mmoja peke yake anaweza kutaga mayai na kuanzisha kizazi kipya. Dawa za konokono hutumiwa na wataalamu tu, kwa vipimo na kibali.

Pa kupata msaada

Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, huduma za afya za kaunti, za mifugo, na za maji na usafi ziko chini ya serikali ya kaunti. Kwa hiyo huna haja ya kusafiri mbali ili kuuliza. Kuhusu mtoto anayejikuna, homa isiyoeleweka au damu kwenye choo au mkojo, anza na mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chako au zahanati iliyo karibu. Vituo hivyo vitakuelekeza kwenye hospitali ya kaunti ndogo au Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Kericho ikihitajika. Kuhusu ng'ombe, mwone afisa wa mifugo wa wadi yako. Kuhusu bwawa la kijiji, liwasilishe jambo hilo kwenye ofisi ya msimamizi wa wadi.

Mwalimu mkuu anayepanga ziara ya wanafunzi kwenda ziwani anaombwa awaeleze watoto wasiingie majini, na awajulishe wazazi iwapo waliingia. Mzazi naye aandike tarehe hiyo, ahesabu wiki nane, kisha ampeleke mtoto apimwe.